Wireshark kwa wapiga picha: uzoefu wangu hapa Tanga

Kama unapiga picha za harusi na kuzirusha kwa Wi-Fi kutoka kwenye kamera hadi kwenye laptopu, Wireshark, programu inayodaka na kuonyesha data inayopita kwenye mtandao, ni ya kuwa nayo. Ni ya bure, ni programu huria, na imenionyesha tatizo ambalo mafundi walishindwa kuliona.

Studio yangu iko Ngamiani. Picha zilikuwa zinakwama, maharusi wamesimama mbele yako, skrini imeganda. Kila fundi alilaumu ruta. Nikadaka pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni) kwenye laptopu ileile inayopokea picha, nikachuja kwa tcp.port == 15740, poti ya PTP/IP, yaani utaratibu ambao kamera hutumia kurusha picha kwa mtandao. Mazungumzo ya laptopu na kamera yakawa wazi, kila amri au jibu kwa namba yake: 0x1002 laptopu inafungua kikao, 0x1009 inaomba picha, 0x2001 kamera inakubali.

Kasoro ni amri za ziada za watengenezaji, zile zinazoanza na 0x9. Kwangu zilibaki namba tupu, na hapo ndipo plagini, nyongeza ya kuifundisha Wireshark majina yake, inapohitajika. Plagini huandikwa kwa Lua, lugha ya programu ambayo Wireshark inaielewa, lakini sikuiandika mstari kwa mstari. Amri zote niliziweka kwenye jedwali la CSV (faili la maandishi lenye safu zinazotenganishwa kwa koma), skripti fupi ya Python inalisoma na kutoa faili la Lua. Ukipata amri mpya unaiongeza kwenye jedwali, unaendesha skripti, unabonyeza Ctrl+Shift+L ndani ya Wireshark, jina linatokea. Raha kweli! Kazi ngumu ni picha yenyewe, kwa sababu hugawanyika katika pakiti nyingi za TCP, njia ya mtandao inayobeba data hiyo. Plagini lazima isome urefu kwenye baiti 4 za mwanzo, kisha iiambie Wireshark isubiri zilizobaki. Maelezo ya sehemu hii ni mazito kwa anayeanza, ndiyo maana natoa nyota nne badala ya tano.

Na tatizo likaonekana. Programu ya kupokea ilikuwa inaomba picha kamera ikiwa bado inaandika kwenye kadi. Kamera inajibu 0x2019, yaani ina shughuli, na programu inaacha kabisa, hairudii kuomba. Ruta wala haikuhusika. Nimeweka kadi yenye kasi zaidi, kukwama kumepungua sana.

Sasa leseni, maana wengi tunairuka. Wireshark iko chini ya GPL toleo la 2, leseni ya programu huria. Plagini ikibaki studioni kwako, hudaiwi kitu. Ukiigawa, iwe bure au kwa pesa, iende kwa GPL pamoja na msimbo wake. Kijana mmoja wa Chumbageni aliniambia, "Kaka, tuifunge, tuwauzie wenye studio." Nikakataa. Kuuza ruksa, kufunga msimbo hapana. Isitoshe, majina mengi ya amri nimeyatoa libgphoto2, maktaba huria ya programu ya kuwasiliana na kamera, ambayo ina LGPL, leseni ndugu ya GPL yenye masharti nafuu zaidi. Waliozichambua kamera hizo wametumia miaka kutufanyia kazi hiyo, na kufuta majina yao ningeona ni wizi. Skripti yangu huweka tangazo lao la hakimiliki juu ya kila faili inalotoa, na anayetaka plagini nampa pamoja na jedwali lake.