Trekta dogo kuukuu: kulifufua au kununua jingine?

Hapa Malindi trekta la shambani huliwa na chumvi ya bahari kabla ya kuchoshwa na kazi. Bodi lililotoboka lisikutishe, bati huchomelewa. Angalia injini kwanza.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiona oili nyeupe kama tui, maji yameingia. Ikiwa yamepitia gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba chini ya kichwa cha injini, lifufue. Ikiwa bloku, yaani kiwiliwili cha injini, imepasuka, acha. Injini iliyokwama toa plagi, mimina vijiko viwili vya oili nyepesi katika kila silinda, ngoja siku mbili, kisha zungusha polepole kwa spana kwenye nati ya puli. Ukilazimisha utavunja ringi, zile pete za pistoni. Usirudishe plagi kabla ya kuizungusha injini ikatema oili yote. Moshi wa buluu usioisha baadaye mara nyingi ni wa ringi zilizolika, na hizo hubadilishwa.

La mtumba linakupeleka shambani leo, lakini rangi mpya huficha mengi. Gusa injini kabla halijawashwa: ikiwa na joto, muuzaji ameshaipasha, nawe hutajua inavyosumbua asubuhi.

Gia boksi yenye meno yaliyovunjika na vipuri visivyopatikana, hapo nunua jingine bila kusita.