Pula ya kucha mbili na usukani wa MGB yangu ulioganda

Nina MGB, gari dogo la michezo, ya mwaka 1971, ya wazi, yenye bampa za kromu. Gari hizi zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na ninachozipendea ni kwamba kazi nyingi mwenye gari anaziweza mwenyewe kwa spana za kawaida. Usukani, hata hivyo, ulinigomea wiki 3 nzima.

Aliyeimiliki kabla yangu alikuwa ametoa usukani wa kiwandani, akafunga wa mbao wenye habu ya aluminiamu, yaani kitovu cha usukani kinachokaa juu ya shafti. Mimi nimepata ule wa asili, nikataka kuurudisha. Shafti ni ya chuma, habu ni aluminiamu, na metali hizi mbili zikigusana miaka mingi penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unatoka unga mweupe unaojaa katikati ya meno ya shafti na kuyakaba.

Nilianza kwa njia ya kawaida. Nilifungua waya wa betri ili honi isinilie mkononi, nikabandua kifuniko cha katikati, nikalegeza nati bila kuitoa kabisa. Hiyo nati msiitoe jamani. Usukani ukiachia ghafla, ndiyo inayouzuia usikupige usoni. Nikapaka alama ya rangi kwenye shafti na habu, nikavuta kwa mikono huku nikisukuma kwa magoti. Haukutikisika. Oili ya kulegeza kutu kila jioni kwa siku 4, haukutikisika.

Rafiki alisema nigonge ncha ya shafti kwa nyundo. Nilikataa. Nyuzi za shafti huharibika kirahisi, na baadhi ya gari za miaka hiyo zina shafti ya kujikunja wakati wa ajali, inayoshikiliwa na pini laini. Ukizikata kwa nyundo, gari linaonekana zima kumbe ule ulinzi haupo tena.

Ndipo nikanunua pula ya kucha mbili yenye skrubu katikati: kucha zinashika nyuma ya habu, skrubu inasukuma shafti, na habu inavutwa itoke. Siku ya kwanza ilinikatisha tamaa. Kucha zake zina unene wa milimita 8, na nafasi nyuma ya habu yangu ilikuwa milimita 5 hivi. Ilibidi nizipunguze kwa tupa kwenye ncha, jambo nisilolipenda, maana kucha iliyopunguzwa imepungua nguvu pia. Tena zilikuwa zinateleza kila nikikaza, hadi nilipozibana kwa klipu ya paipu. Skrubu nayo ililetwa kavu bila tone la grisi.

Kilichobadilisha kila kitu ni kugundua kwamba duara la mbao limefungwa kwenye habu kwa bolti 6. Nililifungua, nikabaki na habu tupu. Sasa pula ilikaa sawasawa, na ningeweza kupasha joto bila kuunguza vanishi. Nati niliirudisha nyuma hadi ikalingana na ncha ya shafti, nikaweka kipande cha chuma bapa juu yake ili skrubu isichimbe. Nikakaza robo mzunguko, nikasubiri dakika 10, nikakaza tena. Kisha nikapuliza hewa ya moto kwenye habu, nikiwa nimekinga kava ya plastiki kwa kitambaa chenye maji. Aluminiamu hutanuka karibu mara 2 ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo habu inaipa shafti nafasi kidogo.

Mara ya 3 ilitoka sauti moja kavu, kama kijiti kinavunjika, habu ikaruka na kukwama kwenye nati. Nilikaa kitini nikiushika ule mkono wa pula bila kusema neno. Nyuzi za shafti hazina hata mkwaruzo.

Pula hii naipa nyota 4. Chuma chake ni kizuri na skrubu haikupinda, ila kucha zingekuwa nyembamba kidogo ingefaa gari nyingi zaidi. Kabla hujanunua, pima nafasi iliyopo nyuma ya habu yako. Na ikiwa habu ina matundu ya bolti kama yangu, tafuta pula ya sahani inayofungwa kwenye matundu hayo hayo. Haina kucha za kuteleza, na nikirudia kazi hii nitatumia hiyo.