Mtihani wa mkanda wa judo: klabuni kwako au ugenini?
Mwanajudo wa Katuba, mjini Lubumbashi, anayetaka kupanda kutoka mkanda wa chungwa hadi wa kijani anaweza kupimwa na mwalimu wake, au kwenda klabu nyingine, tuseme ya Kamalondo. Kwake, ada huwa nafuu na ruhusa haiombwi, kwa kuwa mwalimu mwenyewe ndiye anayeona kwamba ameiva. Ugenini huenda akatozwa zaidi, nauli kando, na la muhimu kuliko yote ni barua ya mwalimu wake, yenye sahihi, inayotaja mkanda alio nao na kumruhusu kupimwa. Bila hiyo, hata akimwangusha mwenzake kwa ogoshi (mtupo wa nyonga) safi kabisa, mkanda wake unaweza kukataliwa nyumbani. Mimi ningengoja mtihani wa nyumbani. Mkanda mweusi ni suala jingine, maana huo hupitia shirikisho la judo.