Mililita saba kwenye sinki: uzoefu wangu wodi ya njiti, Mtwara

Jamani, hili nimekaa nalo miezi nikisema litapita. Halijapita. Hospitali ni ya hapahapa Mtwara, jina nalihifadhi. Mwanangu yu hai, amelala pembeni yangu ninapoandika, kwa hiyo asije mtu kuniambia sina shukrani. Ninazo. Ila yale maziwa siwezi kuyasahau.

Ilikuwa msimu wa korosho. Nililetwa kutoka Nanyamba presha imepanda, mimba ya wiki 31, nikapasuliwa usiku uleule. Mtoto gramu 1,400. Nilipoonyeshwa, kofia ilikuwa imemshuka hadi machoni na mpira umepita puani. Nikaelezwa kwamba njiti wa umri ule hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpigo mmoja, hilo huja kwenye wiki ya 34 hivi. Kwa hiyo kazi yangu ni kukamua, apewe kwa mpira kila baada ya saa tatu.

Aliyewahi kukamua dang'a, yale maziwa ya kwanza, na mshono mbichi ananielewa. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi. Unasukuma kuelekea kifuani, unabana, unaachia. Tone. Tena. Tone. Siku ya kwanza nililowesha kitako cha kikombe tu. Lakini rangi yake! Njano kama kiini cha yai la kienyeji, na nesi wa usiku akaniambia hiyo ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto, nisidharau hata tone.

Usiku wa tatu niliketi tangu saa tisa. Karibu na alfajiri nesi akavuta kwa sirinji kupima: mililita 7. Saba! Nilicheka mwenyewe gizani. Akayarudisha kikombeni, akafunika, akayaweka mezani ya kulishwa saa kumi na mbili. Plasta ya kuandikia jina ilikuwa imeisha.

Zamu ikabadilika. Mimi natoka wodi ya wazazi nimeshika ukuta, nasikia sauti, "Haya ya nani?" Nikaita, "Yangu, sista, yangu!" Nafika mlangoni, kikombe kimeshapinduliwa kwenye sinki, ile njano inateremka polepole kwenye bati. Akanitazama. "Hakina jina, mama. Utakamua mengine, kwani ni dhahabu?"

Ndiyo. Ilikuwa dhahabu.

Nimewaza sana, na nakiri sheria yenyewe ni ya haki. Maziwa ya mama mmoja hayapewi mtoto wa mwingine hivihivi, maana hata virusi vya UKIMWI hupita humo. Angeyapa mtoto asiyejua ni ya nani, ningekuwa wa kwanza kupiga kelele. Lakini tulikuwa akina mama sita tu! Kuuliza kunagharimu nini? Nililia hadi maziwa yakagoma kabisa, nikikamua hakitoki kitu, na mwanangu akabaki na dripu peke yake hadi saa tatu. Yule nesi wa asubuhi anamwambia mama mkwe wangu, mtu mzima, "Bibi, mtafutie kopo huyo, hana maziwa." Mama mkwe akamjibu taratibu, "Mwanangu, alikuwa nayo. Umeyamwaga wewe."

Nilitaka niandike tu: msiende pale. Nilishaapa.

Sasa huyu wa usiku nimfanyeje? Aliporudi hakusema neno. Alinikanda mgongo kwa kitambaa cha maji moto, akamtoa mtoto kwenye mashine ya joto, akamlaza kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, akatufunga kwa khanga. Akatusimulia kwamba njia hii, wanaiita kangaroo, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ikiwa na mashine chache na watoto wengi, kama sisi tu. Mtoto akatulia, moyo wake nausikia kwenye mbavu zangu. Mara nikahisi ziwa linachoma, khanga imelowa. Akanikabidhi kikombe. "Kamua sasa, na saa nane usiruke. Usiku ndipo homoni ya maziwa inapopanda." Kufika wiki ya pili nilikuwa najaza kikombe. Baadaye tukaacha mpira, tukamlisha kwa kikombe, na siku aliyoshika ziwa mwenyewe wodi nzima ilipiga vigelegele.

Basi nendeni. Nasema nendeni, ila mbebe plasta na kalamu zenu wenyewe. Na uongozi wa wodi, kama mnasoma: roli moja ya plasta inashindikana vipi? Hapa hasira inanirudia upya, maana yule wa asubuhi hakuwahi kusema pole, hata siku tunaruhusiwa.

Nikijaliwa tena nitarudi palepale. Zamu ya asubuhi nitasimama na kikombe changu mkononi, mshono au si mshono, hadi nione kwa macho yangu yanaingia kwenye mpira.