Mpiga dramu wa kompyuta: programu ipi ununue kama unarekodi chakacha na dansi Tanga

Tanga ndiyo iliyotoa Black Star na Lucky Star kwenye taarab, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye dansi. Anayerekodi nyimbo hapa leo anaombwa vyote, na katikati yake kuna chakacha ya harusi inayokwenda kwa 6/8, yaani nota sita za nane kwa kila mstari wa muziki. Programu nyingi za dramu zimejazwa mapigo ya roki na pop ya 4/4. Kwa hiyo usihesabu seti ngapi za dramu zimo ndani. Uliza kwanza kama itakupa 6/8 bila kuichora nota moja moja, halafu uliza itakula bando kiasi gani.

Ya kwanza: EZdrummer 3

Hii ni ya Toontrack wa Sweden, imetoka mwaka 2022. Tumeiweka juu kwa sababu ya kifaa chake kiitwacho Tap2Find: unagonga pigo ulilonalo kichwani, nayo inapekua maktaba yake na kukuletea mapigo yanayofanana nalo. Huhitaji kujua pigo hilo kwa Kiingereza linaitwaje. Kingine ni Bandmate. Unaburuta besi au gitaa ulilokwisha kurekodi, programu inapendekeza dramu za kwenda nalo. Kwa wimbo ulioanza na gitaa, kama dansi nyingi zinavyoanza, hicho kifaa kinaokoa siku nzima.

Gharama iliyojificha ni upakuaji. Sauti zake ni takriban GB 18, na kwa intaneti ya MB 2 kwa sekunde hiyo ni saa mbili na nusu bila kukatika. Kwa MB 0.5 ni saa kumi. Zihifadhi kwenye diski ya SSD. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, seti kubwa huchelewa kufunguka.

Kosa linalowapata wengi kwenye 6/8 wala si la programu ya dramu, ni la mradi wenyewe. FL Studio, programu ya kurekodia na kupanga wimbo, huhesabu spidi kwa nota za robo. Chakacha yenye mapigo makubwa 80 kwa dakika, kila pigo likibeba nane tatu, inaandikwa 120, yaani 80 mara 1.5. Ukiandika 80, wimbo utaburuza miguu na utailaumu programu bure. Tena vyumba vya FL vya kuwekea mapigo huja 16, na 16 haigawanyiki kwa sita: weka 12, ndiyo mstari mmoja wa 6/8.

Ya pili: Addictive Drums 2

Nayo inatoka Sweden, kwa XLN Audio. Ni nyepesi kuliko ya kwanza na seti zake zinauzwa mojamoja, hivyo unapakua unachokitumia tu. Sauti zinakuja zimeshachanganywa, unazifungua na zinakaa kwenye wimbo. Mwenye laptopu ya RAM GB 8 na bando la kubana aanzie hapa. Kabla ya kulipa, fungua orodha ya mapigo ya seti unayoitaka, uone 6/8 zipo ngapi. Usinunue kwa kuangalia picha ya dramu.

Ya tatu, na ya bure: MT Power Drum Kit 2

Ina seti moja tu, lakini inakuja na mapigo yake tayari. Kama hujawahi kutumia programu za aina hii, anza nayo mwezi mmoja kabla ya kutoa dola. Utajifunza kuchora pigo mwenyewe, na ujuzi huo utakufaa popote: kwa namba za MIDI, lugha ambayo kompyuta na vinanda huitana nota, kiki (dramu ya mguu) ni nota 36, snea 38, haihati (matoazi mawili ya mguu) iliyofungwa 42, iliyofunguka 46.

Jaribu hivi. Kiki kwenye ya 1 na ya 4, haihati kwenye nane zote sita. Haihati ya 1 na ya 4 ipe nguvu 95 hadi 100, nyingine kati ya 55 na 75. Ukiziacha zote 100, kila pigo litaita sauti ileile iliyorekodiwa kwa mkono mzito, na hapo ndipo msikilizaji anaposikia mashine.

Ukipiga kwa kinanda na sauti ikachelewa, punguza bafa, yaani sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa: sampuli 512 ni kama milisekunde 12, 128 ni kama 3.

Superior Drummer 3 ni nzuri sana, lakini sauti zake zinazidi GB 230. Hiyo ni ya studio yenye diski ya ziada na intaneti ya waya. Mwenye Mac asinunue chochote kwanza, GarageBand, programu ya bure ya Apple, inayo mpiga dramu wake ndani, anaitwa Drummer. Na programu zilizovunjwa ulinzi, zile zinazopitishwa kwa flashi, ziache: zinakuja na virusi, na mradi hugoma kufunguka siku mteja amekaa pembeni anasubiri.

Malipo ni kwa kadi. Ukitumia kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, acha salio la ziada kwa makato ya kubadilisha dola. Novemba ndio mwezi wa punguzo.

Kisichouzwa

Sauti zinazokuja na programu hizi hazina msondo, chapuo wala kinganga. Hizo warekodi wapigaji wenyewe, maiki ikiwa kama sentimita 30 kutoka kwenye ngozi. Msondo na kiki hugombania sauti za chini, basi mpishe mmoja: kama msondo ndio uti wa wimbo, kata kiki chini ya Hz 60. Na usiiburute ngoma iifuate gridi, ile mistari ya mapigo kwenye skrini. Mpigaji akitangulia kidogo kwenye nane ya tatu, sogeza haihati ya programu imfuate yeye.