Afya ya jamii, na mawasiliano pembeni: je, ada ya ziada inalipa? Uzoefu wangu

Nimemaliza shahada ya afya ya jamii katika chuo kimoja cha binafsi hapa Nairobi, na pembeni nikabeba mawasiliano. Kila msimu wa kuomba vyuo, wadogo zangu wa nyumbani Tanga huniuliza kama ni kitu cha maana au ni kuchoma ada tu, kwa hiyo naandika mara moja yaishe. Inalipa, ila si kozi zote, na si kwa kila mtu.

Kwa ambao utaratibu huu ni mgeni: vyuo vinavyofuata mtindo wa Marekani hukupa fani kuu, ambayo ndiyo shahada yako, na ukitaka unaongeza fani ya pembeni yenye kozi chache. Kwetu zilikuwa sita, za krediti tatu tatu (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi). Ada unalipa kwa krediti, na hapo ndipo pa kuwa macho. Kozi nne kati ya hizo niliziingiza kwenye nafasi za kozi za kuchagua, ambazo ningelipia vyovyote vile, kwa hiyo mzigo halisi wa ziada ukawa kozi mbili. Mwenzangu mmoja aliyeamua akiwa mwaka wa tatu alikuta nafasi zake zote zimeshajaa, akalazimika kulipia sita nzima. Keti na mshauri wako wa masomo mapema, mpige hesabu hiyo kwa kalamu.

Kozi ya kuhutubia, wengi huikimbia, na mimi nasema ianze hiyo. Zoezi lililonifaa zaidi lilikuwa hili: dakika tano, takwimu moja kutoka fani yako, slaidi marufuku, na wanaokusikiliza ni wanafunzi wa biashara na wa muziki. Sisi watu wa afya tumezoea kusema "kiwango kwa kila watu elfu" na kuendelea mbele kana kwamba kila mtu ameelewa. Watu wa muziki hawana adabu hiyo ya kujifanya wameelewa. Wanakutazama tu.

Lakini kozi iliyobeba zote, na ambayo peke yake ningeilipia mara mbili, ni mawasiliano ya afya. Kazi kuu ya muhula ilikuwa kutengeneza bango na kulijaribisha kwa walengwa kabla halijachapishwa. Kikundi chetu kilipewa kuhara kwa watoto. Tukachora mtoto amelegea upande wa kushoto, katikati jagi la maji na paketi ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na kulia mtoto anacheka. Darasani kila mtu alilipenda. Tukalipeleka kliniki ya watoto Kawangware, tukamwonyesha mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na mwanawe mgongoni, bila kumweleza chochote, kama tulivyoelekezwa.

Akaliangalia, kisha akauliza, "Hawa watoto wawili, huyu mgonjwa mbona hamjampa dawa, mmempa yule mzima?"

Kwake walikuwa watoto wawili tofauti. Mshale wetu wa kutoka kushoto kwenda kulia haukumwambia kitu. Halafu akagusa lile jagi: "Hii ni ya lita ngapi? Mimi nyumbani nina chupa ya soda ya nusu lita." Paketi tuliyochora ni ya kuchanganywa na lita moja kamili. Ukiweka maji nusu, dawa inakuwa kali mno kwa mtoto. Toleo la pili la bango likawa na mtoto mmoja mwenye fulana ileile nyekundu katika picha zote, na chupa mbili za nusu lita zikimiminwa kwenye sufuria. Katika masomo yangu ya fani kuu hakuna aliyewahi kunituma kuuliza swali la namna hiyo. Epidemiolojia ilinifundisha kujua nani anaugua na wapi, ikaishia hapo.

Nadharia? Kozi ya utangulizi ni nyembamba, nusu yake ni kukariri mishale na maboksi ya mtoa ujumbe na mpokea ujumbe. Iliyonishika ni modeli ya imani za afya, inayoeleza jinsi anachoamini mtu kuhusu ugonjwa kinavyoamua kama atachukua hatua. Ilizaliwa miaka ya 1950, wanasaikolojia wa huduma ya afya ya umma ya Marekani walipotaka kujua kwa nini watu hawaji kupigwa picha ya kifua kupima kifua kikuu, ilhali ni bure na gari la kupimia limeletwa hadi mtaani kwao. Yeyote aliyewahi kukaa chini ya hema la upimaji akisubiri watu anajua swali hilo.

Malalamiko yangu hapa ni kwamba mifano mingi ilikuwa ya huko huko Marekani, wakati mmoja wa mifano bora duniani uko Tanzania. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati, wa kuhamasisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ukiwa na Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia na mke mmoja. Kituo cha Dodoma hakikuurusha, kiliachwa na vipindi vyake vingine hadi 1995, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Miongoni mwa watafiti hao alikuwemo Everett Rogers, yuleyule ambaye nadharia yake ya mwaka 1962 kuhusu kuenea kwa mambo mapya tuliikariri kwa mtihani. Mchezo huo niliuleta mimi darasani kama mada ya wasilisho. Mama yangu aliposikia alicheka, akaanza kunisimulia habari za Mkwaju kana kwamba ni jirani yetu.

Kero nyingine ni za kiutawala. Wenye fani kuu husajili kwanza, sisi wa pembeni tunaokota nafasi zilizobaki, na kozi nzuri ndizo hujaa mapema. Studio ya redio hatukuruhusiwa kuigusa. Kozi ya kuandika habari iligongana na maabara yangu, nikaishia kuchukua ya uhusiano wa umma, ambayo kwa kweli sikuona ilichonipa zaidi ya alama.

Kwa anayetaka kuwa mtangazaji au mwandishi wa habari, hii haitoshi, asome mawasiliano yenyewe. Kwa mtu wa afya, kilimo, sheria au uhandisi, mimi nasema chukua, mradi kozi za vitendo ziwe zaidi ya nusu.

Na jambo moja la kuuliza ofisi ya msajili kabla hujasaini: fani ya pembeni itaandikwa wapi? Kwangu haimo kwenye cheti, imo kwenye transkripti tu, ile karatasi ya matokeo ya kozi zote, mstari mmoja. Kwenye usaili wa kazi niliyonayo hakuna aliyeuona mstari huo. Waliomba nionyeshe kazi niliyowahi kufanya, nikatoa yale mabango mawili, la kwanza na la pili, wakataka kujua tulibadilisha nini na kwa nini. Kwa hiyo tunza kila ulichotengeneza, hata kile kilichokataliwa.