Kushusha gari la kila siku bila kupoteza ulaini: uzoefu wangu na Eibach Pro-Kit na Bilstein B8

Gari ni sedani ya wastani, strati (shokapu na springi zilizounganishwa kuwa nguzo moja) mbele na multilinki (mikono kadhaa ya chuma inayoshika gurudumu) nyuma, la kwenda kazini, kubeba familia na safari ndefu. Lengo lilikuwa kulishusha kati ya milimita 25 na 30, lipunguze kulala kwenye kona, na abiria wa nyuma asilalamike mgongo. Seti niliyofunga ni springi za Eibach Pro-Kit pamoja na shokapu za Bilstein B8. Bilstein wenyewe huuza mchanganyiko huo kama seti moja iitwayo B12 Pro-Kit. Kama ipo ya gari lako, nunua hiyo badala ya kukusanya vipande kimoja kimoja.

Baada ya springi kukaa, mbele limeshuka milimita 27 na nyuma 22. Kwenye lami nzuri linakwenda vizuri kuliko lilivyotoka kiwandani: ukipita kwenye wimbi la barabara kwa kasi, bodi inapanda, inashuka mara moja na kutulia. Kwenye viraka vidogo vyenye kingo kali, kwa mwendo wa taratibu, unavisikia zaidi kuliko zamani. Hiyo ni tabia ya shokapu za gesi za silinda moja kwa jumla, na anayetaka gari lielee kama sofa asizinunue. Kwangu mimi ni biashara nzuri, na ningezifunga tena bila kusita.

Jambo la kuelewa kabla ya kununua chochote ni hili: gari lililoshushwa haliwi gumu kwa sababu liko chini. Linakuwa gumu kwa sababu shokapu imeishiwa nafasi ya kubonyea. Kwenye fimbo ya shokapu kuna raba inayozuia chuma kugonga chuma, bampstopa. Gari likiwa limesimama chini na magurudumu yake yote, inua kifuniko cha vumbi upime sehemu ya fimbo iliyo wazi kati ya ncha ya bampstopa na kichwa cha shokapu. Tuseme ni milimita 55. Ukishusha gari milimita 30 kwa shokapu ile ile na raba ile ile, zinabaki 25. Ukishusha 50, zinabaki 5, na kuanzia hapo kila shimo dogo linabebwa na raba badala ya springi. Mtu anasema "springi hizi ni ngumu sana" kumbe springi haijapata hata nafasi ya kufanya kazi.

Njia ya kuhakiki ni rahisi. Funga kifungo cha plastiki, kile cha kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu na ukisukume mpaka kiguse sili. Endesha njia yako ya kawaida ukiwa na mzigo wa kawaida, kisha angalia kifungo kimesukumwa hadi wapi. Kikikutwa kimeganda kwenye bampstopa kila mara, gari liko chini mno kwa shokapu hiyo, na hakuna kurekebisha ugumu wa shokapu kutakakoponya. Kwa shokapu zilizogeuzwa, zile ambazo fimbo imefichwa ndani ya mwili, njia hii haifanyi kazi. Hapo utategemea kusikia na kuangalia alama za kugonga.

Ndiyo maana B8 na siyo B6. B6 ina urefu wa kiwandani. B8 imefupishwa kwa ajili ya springi za kushusha. Shokapu fupi inarudisha nafasi ya kubonyea, na pia inazuia springi fupi isilegee gurudumu linaponing'inia. Hilo la pili wengi hawalikagui. Ukiinua gari kwa jeki na ukaweza kuizungusha springi kwa mkono kwenye kikalio chake, kuna siku itakaa vibaya, na utaanza kusikia mlio wa chuma kila unapovuka tuta.

Sasa ugumu wa springi. Usikadirie kwa kusikia jina la kampuni, piga hesabu. Kinachoamua ulaini ni mara ngapi kwa sekunde bodi ingependa kupanda na kushuka juu ya springi zake. Chukua ugumu unaofika kwenye gurudumu kwa nyutoni kwa mita, gawa kwa uzito unaobebwa kwenye kona hiyo ya gari kwa kilo (bila kuhesabu gurudumu na breki), tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawa kwa 6.28. Magari ya starehe hukaa karibu na mara 1 hadi 1.4 kwa sekunde. Kati ya 1.5 na 2 ni gari la michezo la barabarani. Ukivuka 2, umeingia kwenye eneo la uwanja wa mashindano.

Mfano: kona ya mbele inabeba kilo 350 na ugumu kwenye gurudumu ni nyutoni 28 kwa milimita, yaani 28,000 kwa mita. Jibu ni takriban 1.4. Hapo ndipo springi nyingi nzuri za kushusha kidogo zinapoangukia. Weka koilova (seti ya shokapu na springi inayorekebishwa urefu) yenye springi ya kilo 6 kwa milimita, ambayo ni karibu nyutoni 59. Kwenye strati, baada ya kupunguza kidogo kwa sababu ya mteremko wa shokapu, gurudumu linapata kama 53, na jibu linaruka hadi karibu 2. Gari lile lile, dereva yule yule, na tayari umekaa kwenye gari la wikendi. Nyuma kwenye multilinki uangalie zaidi, maana springi mara nyingi imekaa katikati ya mkono: kinachofika kwenye gurudumu ni ugumu wa springi mara uwiano wa mkono (umbali springi inaosogea ukigawa kwa umbali gurudumu linaosogea), kisha mara uwiano huo huo tena. Springi ya nyutoni 60 yenye uwiano wa 0.7 inatoa 29 tu. Kwa hiyo usishtuke ukikuta namba ya nyuma ni kubwa kuliko ya mbele.

Pro-Kit ni springi ambazo ugumu wake unaongezeka kadiri zinavyobonyea: mizunguko iliyobanana inafunga kwanza, kisha iliyobaki ndiyo inayobeba. Ukiwa peke yako inakuwa laini, ukipakia watu watano na mizigo haikai chini kirahisi. Kwa gari la kila siku naona ni uchaguzi sahihi kuliko springi ya ugumu mmoja.

Kufunga springi za kushusha juu ya shokapu za kiwandani inawezekana, mradi shokapu ni nzima na gari halishuki zaidi ya milimita 25 hivi. Lakini shokapu iliyochoka ikipewa springi ngumu zaidi inashindwa kuituliza. Gari linaruka mara mbili tatu baada ya kila tuta, na kazi ya kufungua yote utairudia. Gharama ya fundi ni ile ile mara zote mbili. Badilisha vyote pamoja.

Na koilova? Nzuri zipo. KW V1 na Bilstein B14 zinarekebishwa urefu tu, na ugumu wa shokapu umepangwa kiwandani ulingane na springi. Kwa mtu ambaye hataki kuchezea kitu kila wiki, hilo ni jambo jema. KW V2 inaongeza kurekebisha mrejesho wa shokapu (inaporefuka), V3 inaongeza na mbonyeo (inapobonyea). Ninachokikataa kwa gari la familia ni koilova za bei ya chini zinazotangazwa kwa idadi ya mibofyo, yaani hatua za kitasa cha kurekebisha shokapu. Mibofyo 30 haibadilishi springi. Ukilegeza shokapu ili kutafuta ulaini wakati springi ni ya kilo 8, unapata gari gumu linaloyumba. Angalia pia mauntingi za juu: zenye boljointi ya chuma badala ya raba zinapitisha kila kokoto ndani ya gari, na zikiingia vumbi zinaanza kugongagonga. Kwa barabara ya kila siku dai mauntingi ya raba.

Kukata springi sitaki hata kulijadili kwa urefu. Unapoteza umbo la ncha linalokaa kwenye kikalio, na ukitumia moto unaua ugumu wa chuma chenyewe.

Kwenye kufunga, kuna mambo ambayo fundi mzuri wa injini anaweza asiyajue. Kabla ya kufungua chochote pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kila kona, na uandike. Usipime kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi na kuisha kwake vitakudanganya. Nunua pamoja mauntingi za juu, bearingi za strati, vifuniko vya vumbi na nati mpya za juu. Kufungua strati kuukuu na kurudisha bearingi yenye kutu ni kutafuta mlio na usukani mzito. Soma karatasi iliyokuja na shokapu: baadhi ya strati zina bampstopa ndani, na ile ya kiwandani haitakiwi kurudishwa. Ukiirudisha, umejiondolea mwenyewe nafasi uliyoilipia. Fimbo usiishike kwa koleo hata siku moja. Mkwaruzo mdogo kwenye kromu unachana sili, na mafuta yanaanza kutoka. Ishike kwa ufunguo wa Allen juu na ukaze nati kwa mkono. Bunduki ya upepo inazungusha fimbo na pistoni yake.

Halafu bushi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Bushi za raba za mikono zimegandishwa ndani na nje, hazizunguki, zinajipinda. Ukikaza bolti zake gurudumu likiwa linaning'inia, gari likishuka chini bushi inabaki imepindwa muda wote: inasukuma gari juu, inaongeza ugumu, na baada ya muda inachanika. Legeza bolti za mikono yote, rudisha gurudumu, inua mkono wa chini kwa jeki mpaka kipimo cha habu hadi madigadi kifanane na urefu mpya unaotarajiwa, ndipo ukaze kwa torki ya kitabu cha gari. Ni dakika chache kwa kila kona, na tofauti yake unaisikia kwenye kiti.

Springi zinashuka milimita chache zaidi baada ya kufungwa, kwa hiyo alaimenti ipimwe baada ya kilomita mia chache, tangi likiwa nusu. Watu wanalaumu kemba (kuinama kwa gurudumu ukilitazama kwa mbele) kwa kula matairi, lakini mlaji mkuu ni tou (magurudumu kuelekea ndani au nje ukiyatazama kutoka juu). Kemba ya mbele hasi digrii 1 hadi 1.5 inavumilika kabisa. Tou iliyotoka nje inamaliza ukingo wa ndani wa tairi wakati sehemu nyingine bado ni nzima. Weka tou karibu na sifuri au kwa ndani kidogo sana, ndani ya kipimo cha kiwanda. Nyuma kwenye multilinki, kemba ikipita hasi 2 na hakuna pa kurekebisha, utahitaji mikono ya kurekebishika, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu mapema. Mbele kwenye strati kuna mpaka mwingine: mkono wa chini ukivuka usawa na kuinuka upande wa gurudumu, kitovu cha mlalo (nukta ambayo bodi huizunguka inapolala) kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari, na gari linaweza kulala zaidi kwenye kona ingawa liko chini. Hii ni sababu nyingine ya mimi kusimama karibu na milimita 30.

Usibadilishe rimu siku hiyo hiyo. Tairi ya 205/55 R16 ina ukuta wa milimita 113 hivi. 225/40 R18 ina 90. Umepoteza milimita 23 za mpira laini, na hutajua ugumu umetoka kwenye springi au kwenye tairi. Mimi nimebaki na inchi 16 na upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, na naamini nusu ya ulaini ninaousifia inatoka hapo.

Kuhusu matuta, fanya hesabu ya gari lililobonyea, siyo lililosimama. Nafasi ya milimita 150 chini ya tumbo ikishuka 27 inabaki 123. Gari lenye watu wanne likitua upande wa pili wa tuta linaweza kubonyea 40 nyingine. Tuta la milimita 100 linagusa. Kama njia yako ina matuta ya namna hiyo kila siku, shusha 15 hadi 20 au liache lilivyo.

Magari yenye taa zinazojipanga zenyewe yana kihisi kilichounganishwa na mkono wa nyuma, na wakati mwingine wa mbele. Kirekebishwe kwa mashine, la sivyo taa zitamulika vibaya. Yenye kamera ya kioo cha mbele nayo huenda yakahitaji kupimwa upya. Stabilaiza linki za mbele (fimbo fupi zinazoshikilia chuma cha kupunguza gari kulala) zichunguzwe usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho: zikigusa drive shafti au mkono, funga fupi zaidi. Ukirudi kwa alaimenti, kaza tena nati za juu za strati na bolti mbili za chini kwa torki yake, gari likiwa limesimama chini.